Adrian Atiman: Mwanafunzi Mgeni wa Malta, Tabibu wa Karema

Huku milimani kwetu, Kasulu na Kibondo, jina la Adrian Atiman halitajwi mara nyingi. Karema, kando ya ziwa, halihitaji kuelezwa. Twaona si vema sisi tulisahau, maana mtu huyo ni jirani yetu. Karema iko katika pwani ya Ziwa Tanganyika, ziwa lile lile la Kigoma na Ujiji, kusini ya milima ya Mahale. Tena Mhashamu van Sambeek, aliyepewa kuichunga Kigoma mwaka 1946 akiwa mchungaji wake wa kwanza, alitoka kuongoza Vikarieti ya Tanganyika, ambayo Karema ilikuwamo ndani yake, na aliiongoza tangu mwaka 1936. Katika miaka hiyo yote kumi Atiman, mzee wa miaka sabini na zaidi, alikuwa angali akitibu wagonjwa pale pale.

Iko sababu nyingine ya kumkumbuka. Kila mwaka nyumba kadha wa kadha za maparokia yetu huuza maharage, huuza tumbaku, na hata ng'ombe, ili kijana mmoja apate kwenda masomoni mbali, na wengine wavuke bahari. Siku ya kuagana hupigwa vigelegele. Baadaye, vigelegele vikiisha, mzazi humjia padre faraghani na swali ambalo hakuthubutu kuliuliza mbele ya wageni: je, mtoto huyu atarudi? Sisi tumelisikia swali hilo mara nyingi kuliko tulivyopata jibu lake. Ndiyo maana leo twapenda kusimulia habari za mwanafunzi mmoja aliyefika Ulaya pasipo mtu hata mmoja nyumbani aliyejua yuko wapi.

Atiman alizaliwa karibu na mwaka 1866 huko Tundurma, kando ya mto mkubwa Niger, si mbali na mji wa Timbuktu, katika nchi iitwayo leo Mali. Angali mtoto mdogo alitekwa na Watuareg, watu wa jangwani waliofanya biashara ya watumwa, wakamvusha Sahara mpaka upande wa Algeria. Hatutaki kueleza mengi juu ya safari hiyo. Wenye kuyajua yaliyopita katika njia ya Ujiji, Tabora na Bagamoyo waweza kujaza wenyewe. Wazee wa Buha walikuwa na bahati kiasi: misafara iliiogopa nchi yetu kwa sababu ya hongo kali za watemi, hata Stanley mwaka 1871 aliona afadhali kuipita usiku kwa kunyemelea kuliko kuendelea kulipa. Lakini Ujiji ilikuwa karibu, na kila mtu alijua nini kilichovushwa ziwa hili katika mitumbwi.

Huko Algeria mtoto alikombolewa kwa fedha na Mapadre Weupe, ndio Wamisionari wa Afrika, shirika lililoanzishwa mwaka 1868 na Askofu Mkuu wa Algiers, Karoli Lavigerie. Alipewa jina la Adrian katika ubatizo, na lile la Atiman, alilotoka nalo kwao, hakunyang'anywa. Wengi waliokombolewa hawakubaki na kitu chochote cha kwao. Huyu alibaki na jina.

Yatupasa sasa kusema kidogo juu ya shauri la Lavigerie, maana bila kulijua hatuwezi kufahamu kwa nini mtoto wa Niger alipelekwa kisiwani Malta. Mwaka 1878 alituma wamisionari wa kwanza kwenye maziwa makuu, na mapema mwaka 1879 wakafika Ujiji. Habari zilizomrudia Algiers zilikuwa za makaburi. Homa iliwaua mapadre vijana kabla hawajajua vizuri lugha ya wenyeji. Tena yeye alitambua jambo ambalo wengi wa wakati wake hawakulitambua, kwamba Afrika haitahubiriwa na wageni peke yao. Akafikiri hivi: wachaguliwe vijana waliokombolewa utumwani, wafundishwe utabibu kweli kweli, si kufunga vidonda tu, wabaki walei, waoe, wakae na watu, na mlango ambao padre mgeni hufungiwa, tabibu aliye Mwafrika atafunguliwa. Mwaka 1881 alifungua nyumba ya wanafunzi hao Malta, na katika wale wa kwanza alikuwamo Atiman, kijana wa miaka kama kumi na mitano.

Na tujaribu kuutazama mji ule kama ulivyokuwa mwaka huo. Visiwa vya Malta vyote pamoja havizidi kilometa za mraba 316, wala havina mto hata mmoja utiririkao mwaka mzima. Kijana aliyezaliwa ukingoni mwa Niger, ambako maji ndiyo njia na ndiyo chakula, aliwekwa juu ya mwamba mkavu katikati ya maji yasiyonyweka. Mtu wa Kibondo aliyezoea Malagarasi na majani mabichi ataelewa kwamba si jambo dogo. Mji wenyewe, Valletta, ulianza kujengwa mwaka 1566, baada ya vita kubwa na Waturuki, juu ya ulimi wa mwamba uingiao baharini. Kuta zake za mawe ya rangi ya asali ni nene kupita kiasi, na njia zake nyembamba ni nyofu kama kamba, nyingine zimepanda kwa ngazi toka bandarini hata juu. Malta ilikuwa mali ya Uingereza wakati huo. Tangu kufunguliwa kwa mfereji wa Suez mwaka 1869, bandari ilijaa meli za kivita na meli za biashara zilizosimama kupakia makaa. Kengele za makanisa hazikukosekana saa yoyote.

Hata hivyo, jambo ambalo bila shaka lilimshangaza mgeni huyu kuliko kuta na meli lilikuwa maneno yaliyotoka vinywani mwa watu. Kimalta ni ndugu wa Kiarabu. Wamalta, Wakatoliki hodari tangu zamani, humwita Mungu Alla, na Kwaresima yao huitwa Randan, neno lenye asili moja na Ramadhani. Fikirini basi. Kijana huyu alikuwa amekisikia Kiarabu Algeria, nchi aliyofikia akiwa mtumwa. Sasa anaingia kanisani, anaona sanamu ya Bikira Maria, mishumaa, Sakramenti Kuu, na watu waliopiga magoti wanaomba kwa maneno yenye mlio wa lugha ile ile. Sisi hatujui mji mwingine wa Ulaya ambako Mwafrika aliyepitia mikono ya Watuareg angeweza kujifunza upesi hivyo kwamba lugha haina hatia, na kwamba mambo aliyotendewa jangwani yalikuwa dhambi za watu fulani, si za sauti zao.

Tena mji huo ulikuwa na siri ambayo haikuwa siri. Malta ilitawaliwa tangu mwaka 1530 mpaka mwaka 1798 na Watawa Mashujaa wa Mtakatifu Yohane, watu wa msalaba na wa upanga, ambao pamoja na sifa zao zote walikuwa na watumwa. Waislamu waliotekwa baharini na katika pwani za Afrika ya Kaskazini walifungwa Valletta katika gereza lao, wakapigishwa makasia katika merikebu za Wakristo, kama vile Wakristo nao walivyofungwa Algiers. Aliyewafungua watumwa wa Malta hakuwa askofu, alikuwa Napoleon, mwezi wa Juni mwaka 1798. Toka siku hiyo mpaka kufika kwa Atiman ilikuwa miaka 83 tu. Wako wasomaji ambao hawapendi tuandike mambo ya namna hii katika gazeti la Kanisa. Sisi twadhani kuyaficha ni kumkosea heshima Atiman mwenyewe, aliyepita kila siku katika njia zile.

Mashujaa hao hao, na hili pia ni kweli, walijenga hospitali iliyosifiwa Ulaya nzima. Chumba chake kikubwa cha wagonjwa kilikuwa na urefu wa meta 155, na wagonjwa walilishwa katika sahani za fedha, maana mgonjwa waliita bwana wao. Mwaka 1676 ilianzishwa shule ya anatomia na upasuaji, ambayo baadaye iliingia katika Chuo Kikuu cha Malta. Siku za Atiman hospitali ile ya zamani ilikuwa ya jeshi la Kiingereza, lakini mapokeo ya kumwona mgonjwa kuwa bwana hayakuwa yamepotea.

Katika Chuo Kikuu masomo yalitolewa kwa Kiitaliano. Hesabuni wenyewe lugha za kijana huyu: ya mama yake aliyotoka nayo Niger, Kiarabu, Kifaransa cha mapadre waliomlea, Kimalta cha sokoni, Kiitaliano cha darasani, na Kilatini katika Misa na katika majina ya mifupa. Sisi tuliopita Seminari Kuu twajua uchungu wa kufundishwa jambo gumu kwa lugha ngumu, mwalimu akicheka nawe hujui amecheka nini. Twajua pia kwamba katika majuma ya kwanza mwanafunzi huhesabiwa mjinga, kumbe anafanya kazi mara mbili ya wenzake. Zaidi ya hayo anatomia haifundishwi kwa vitabu peke yake. Lazima mwanafunzi asimame mbele ya maiti na kisu mkononi. Kwa mtoto wa Kiafrika, aliyelelewa katika kuiogopa na kuiheshimu maiti, siku hiyo ya kwanza yatosha kumrudisha nyumbani, kama anayo nyumba ya kurudi.

Mbuzi hatuwezi kuwaacha. Katika njia za Valletta wachungaji walipitisha mbuzi wao asubuhi, wakawakamua mlangoni pa kila nyumba, na watu wakanywa maziwa yangali na joto. Ilikuwako pia homa mbaya ya kwenda na kurudi, iliyodhoofisha askari na wenyeji miezi mizima, ikaitwa homa ya Malta. Daktari wa jeshi la Kiingereza, David Bruce, aliyefika kisiwani mwaka 1884, alikitambua kijidudu cha homa hiyo mwaka 1887, Atiman akiwa bado mwanafunzi katika kisiwa hicho hicho. Lakini kijidudu kilitoka wapi? Hilo halikujulikana mpaka mwaka 1905, ambapo Themistocles Zammit, Mmalta aliyesomea udaktari katika Chuo Kikuu kile na katika miaka ile, alipoona kwamba kilikuwa katika damu na maziwa ya mbuzi wale wale wazuri wa mlangoni. (Wasomaji wanaoendelea kunywa maziwa mabichi wasifikiri habari hii ni ya Wamalta tu.) Naye Bruce alikuja Afrika, mwaka 1903 alikuwa Entebbe akionyesha ya kuwa mbung'o ndiye aenezaye malale, ugonjwa ambao katika miaka ya 1930 ulifanya watu wengi wa Kibondo na Kasulu wahamishwe kutoka porini na kukusanywa pamoja. Elimu iliyotafutwa juu ya mwamba wa mbali huja kugusa mlango wa mtu wa Buha pasipo yeye kujua.

Kisiwa hicho, msomaji atakumbuka, ndicho alichofika Mtakatifu Paulo baada ya kuvunjikiwa na merikebu. Matendo ya Mitume yasimulia jinsi wenyeji walivyowasha moto na kuwapokea wote, jinsi nyoka alivyomwuma Paulo asidhurike, na jinsi alivyomponya baba yake Publio, mgonjwa wa homa na kuhara damu. Wamalta huishika sikukuu ya kuvunjika kwa merikebu hiyo tarehe 10 Februari, na Valletta ina kanisa lake. Kwa wanafunzi waliowekwa kuwa matabibu na makatekista pamoja, mfano haukuwa wa kutafutwa mbali. Naye Atiman aliletwa ufukweni pale na dhoruba ambayo si yeye aliyeichagua.

Hapo ndipo tunapofikia jambo lililo zito kwetu kuliko yote. Mwanafunzi wa Kasulu akifika ng'ambo hulia kwa baridi na kwa chakula kigeni, lakini hulia kwa sababu yuko anayemlilia. Iko barua, siku hizi iko simu. Yupo mama anayeuliza kama amekula. Machozi yake yana mahali pa kwenda. Atiman hakuwa na mtu wa kumwandikia. Wazazi wake, kama waliishi, walimhesabu amekufa au amepotea. Sisi wa Kasulu tumeona watoto wa hali kama yake. Tangu mwaka 1996, ilipoanzishwa kambi ya Nyarugusu, walifika watoto waliotengana na wazazi wao katika kukimbia vita, wakasoma shule pasipo kujua matokeo ya mtihani watamwonyesha nani. Aliyewafundisha watoto hao ajua kuna wanaoacha kusoma kabisa, na kuna wanaosoma kama watu wanaofukuzwa.

Atiman alisoma. Hakuchaguliwa kwa hiari yake. Alipelekwa, na shauri lilikuwa la watu wengine. Lavigerie alikuwa mtu wa huruma kubwa na wa amri kali. Hakutaka vijana wake wageuke kuwa Wazungu weusi. Alitaka warudi Afrika wakiwa Waafrika, wawezao kukaa kijijini na kula chakula cha kijijini. Shauri hilo lilikuwa na hekima, na twatamani lingesikiwa na wengi waliosomeshwa baadaye. Lakini tuseme kweli: lilikuwa pia shauri la kumpangia kijana maisha yake yote kwa sababu tu umelipa bei ya kumkomboa. Kukombolewa na kuwa huru havikuwa bado kitu kimoja. Uhuru wake, kwa maoni yetu, haukuonekana Algeria wala Malta. Ulionekana baadaye, mahali ambapo angeweza kuondoka asiondoke.

Mwaka 1888 alimaliza masomo, na mwaka huo huo akafuatana na msafara wa wamisionari kuja Afrika ya Mashariki. Ulikuwa mwaka mbaya wa kusafiri, maana pwani ilianza kuwaka vita ya Abushiri na Wajerumani. Walipenya, wakashika njia ndefu ya bara, na mwaka 1889 tabibu mpya akawa amefika Karema, mahali ambapo Wabelgiji walijenga boma mwaka 1879 na kuwakabidhi Mapadre Weupe mwaka 1885.

Basi akaanza tena siku za kwanza za mgeni. Mtu wa Niger si mtu wa Tanganyika. Rangi ilikuwa moja, lugha haikuwa moja. Alipaswa kujifunza Kiswahili na lugha za pale, kujua desturi, kujua nani aogopwaye na kwa nini. Dawa za miti za wenyeji hakuzidharau, alijifunza nazo. Yaliyompata Valletta yalimfaa: alikwisha kuzoea kuwa mjinga wa maneno kwa muda, akingoja mikono yake imsemee. Hali ya nchi ilikuwa mbaya. Mhashamu Charbonnier alikwisha kufa Karema mwaka 1888; Mhashamu Bridoux aliyemfuata alikufa mwaka 1890. Ng'ambo ya ziwa Kapteni Joubert alikuwa akiwalinda watu kwa bunduki dhidi ya wawindaji wa watumwa, na nguvu za Rumaliza wa Ujiji zilikuwa hazijavunjika. Mtu aliyetekwa utotoni aliwekwa kufunga vidonda vya waliotekwa jana.

Alioa binti wa mtemi wa Wabende, Agnes Wansahira. Kwa ndoa hiyo aliacha kuwa mgeni, akawa mkwe wa nchi. Mwana wao Yosefu alipata upadre. Tabibu mwenyewe alitibu asubuhi, alifundisha katekisimu, alibatiza waliokuwa wakifa, aliitwa usiku, alipasua waliojeruhiwa na wanyama wa porini, mwaka baada ya mwaka, chini ya utawala wa Wajerumani na kisha chini ya ule wa Waingereza. Hatuwezi kuihesabu kazi hiyo. Watu wa ziwani wenyewe hawakuihesabu, waliizoea tu kama mtu azoeavyo kisima.

Nyumba ya Malta ilifungwa mwaka 1896. Ilikuwa ya gharama, na matabibu iliyowatoa walikuwa wachache. Wako waliosema, na hata leo wako wasemao, kwamba shauri la Lavigerie lilishindwa. Kama ni hesabu ya fedha na vichwa, na iwe hivyo. Lakini atakayesema hivyo aende akaisemee Karema, iliyokuwa na tabibu mmoja yule yule kwa miaka 67. Kosa lililofanyika, kwa maoni yetu, lilikuwa la kufunga upesi mno. Ilipita miaka mingi kabla ya nchi hii kuona tena Waafrika wakitumwa kusomea udaktari kamili, na hata leo wazazi wa vijiji vyetu huvuka Malagarasi na mgonjwa kitandani wakitafuta anayejua kupasua. Tunayo shule ya uuguzi hapa Kabanga, wilayani Kasulu, na twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Vijana wanaoingia humo huwa na hofu ile ile ya siku ya kwanza, ingawa kwao ni mwendo wa basi tu.

Kwa swali la wazazi, maisha ya Atiman hayatoi jibu la kuwafurahisha. Yeye hakurudi kwa waliomzaa. Alikwenda kwa wagonjwa wasiokuwa na mwingine, akakaa. Mzazi aliyeuza ng'ombe ana haki ya kumtaka mwanawe arudi, nasi hatutamwambia asitake. Twamwomba tu, akiombea kurudi kwake, amwombee pia kwamba popote atakapokaa pawe na mtu aliye nafuu kwa sababu yeye yupo.

Habari za maisha yake alizoziandika zilichapishwa mwaka 1946 katika Tanganyika Notes and Records, na nishani alizipata uzeeni. Alifariki mwaka 1956, akiwa na umri wa karibu miaka tisini, akazikwa Karema. Tundurma hakuiona tena.